Muziki wa Oppenheimer: kipaza sauti kiliwekwa wapi?



Leo tuziache kidogo habari za simu mpya na lugha za kuandikia programu. Nataka tuzungumze juu ya muziki wa filamu moja. Msiogope, sijageuka mchambuzi wa sinema! Kabla hatujamaliza tutakuwa tumepita hapa kwetu Takaungu, tumefika Katanga, na tumerudi kwenye kompyuta zetu kama kawaida.

Filamu yenyewe ni Oppenheimer ya Christopher Nolan, iliyotoka Julai 2023. Ni kisa cha J. Robert Oppenheimer, mwanafizikia aliyeongoza maabara ya Los Alamos, New Mexico, ambako Marekani ilitengeneza bomu la atomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Muziki ulitungwa na Ludwig Göransson, Mswidi aliyezaliwa 1984. Machi 2024 muziki huo ulipata Oscar, mojawapo ya Oscar saba ambazo filamu ilizoa usiku ule.

Msimamo wangu nautoa mapema, ili asiye na nafasi ya kusoma yote aende nao: muziki huu ni kazi bora, na ubora wake ndio unaotusahaulisha swali ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tulipaswa kuwa wa kwanza kuliuliza. Urani ya bomu lile ilitoka kwa watu wanaozungumza lugha yetu. Sauti yao iko wapi?

Haya, tuanze.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni

Chombo kikuu katika muziki huu ni fidla. Wazo la kutumia fidla lilitoka kwa Nolan mwenyewe, kisha Göransson akalifanyia kazi. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa fidla ni nini. Imekaa katika taarab miaka mingi, pamoja na udi na ganuni, na mtu wa Zanzibar au Mombasa anaijua sauti yake hata akiwa amefumba macho. Fidla haina vipande vya chuma shingoni kama gitaa, kwa hiyo kidole kinaweza kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine bila kusimama njiani. Mpigaji akitaka, sauti inabembeleza. Akibana upinde na kutetemesha mkono, sauti ile ile inakuwa kama ya mtu mwenye wasiwasi aliyekosa usingizi siku tatu. Huyo ndiye Oppenheimer wa filamu hii: mpole, mwenye akili nyingi, na ndani anaungua.

Halafu kuna kipande kinachoitwa "Can You Hear the Music". Ni kifupi, hakifiki dakika mbili, lakini ndani yake mwendo wa muziki unabadilika mara 21! Mwanafizikia kijana yuko Ulaya, anaanza kuona chembe na mawimbi kichwani mwake, na fidla zinakimbia, zinaongeza kasi, zinaruka ngazi, zinaongeza kasi tena. Ukisikiliza unapata hisia ya akili inayojifungulia milango mmoja baada ya mwingine.

Sasa sikia jambo la kiufundi, maana najua mnapenda haya. Wanamuziki wengi hawawezi kubadili mwendo pamoja mara 21 kwa kubahatisha. Njia rahisi ingekuwa kurekodi vipande vipande na kuviunga kwenye kompyuta. Wao walirekodi kipande kizima kwa mkupuo mmoja, na ili waweze, mapigo ya mwendo unaofuata yaliingizwa kwenye hedifoni zao kabla mwendo wenyewe haujafika. Yaani kila mpigaji alikuwa anapiga noti za sasa huku sikio limeshapewa habari za mbele. Yeyote aliyewahi kuandika programu ya kucheza video kwenye intaneti inayosuasua analijua wazo hilo: unapakua sekunde zijazo mapema ili mtazamaji asikwame. Tofauti ni kwamba hapa kinachopakua ni binadamu mwenye fidla mkononi.

Kuna na vishindo vya miguu. Tangu mapema katika filamu unasikia vishindo vinakuja kama gari moshi, vinapanda, vinapotea, na hujui ni vya nini. Baadaye sana ndipo unaelewa: ni miguu ya watu wa Los Alamos wakishangilia ukumbini baada ya Hiroshima. Kumbe sauti ilikuwa inamsumbua mtu huyu kabla tukio halijatokea. Huo ni ufundi mkubwa.

Na kuna ukimya. Jaribio la kwanza la bomu, lile la Trinity, lilifanyika alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945. Muziki unapanda mpaka sekunde ya mwisho, bomu linalipuka, na... kimya. Unasikia pumzi tu. Wengine walidhani ni mbwembwe za mwongozaji, lakini ni fizikia ya kawaida. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mwanga hufika papo hapo. Kambi kuu ya wanasayansi ilikuwa yapata kilomita 16 kutoka kwenye mnara wa bomu, kwa hiyo mshindo ulihitaji kama robo tatu ya dakika kuwafikia. Kutoka Takaungu mpaka mji wa Kilifi ni kama kilomita 10. Radi ikipiga kule, hapa ungeona mwanga na ungehesabu karibu hadi thelathini kabla ya ngurumo. Filamu inakuweka ndani ya hesabu hiyo, na hakuna muziki ambao ungefanya kazi vizuri kuliko kunyamaza.

Kwa hiyo tusidanganyane. Aliyetoa Oscar ile hakukosea.

Muziki unakuonyesha pa kusimama

Watu wengi hudhani muziki wa filamu ni kama viungo kwenye pilau, unatiwa ili kuongeza ladha. Mimi nauona kama kipaza sauti. Picha inakuonyesha watu ishirini chumbani. Muziki unakwambia ni moyo wa nani kati yao unaousikia ukidunda. Mtunzi akishaamua hilo, mtazamaji hana hiari tena. Unajikuta unamwonea huruma mtu ambaye dakika tano kabla ulikuwa unamchukia.

Takaungu tuna mfano wetu wa jambo hili. Jina la kijiji hiki wageni wengi wanalijua kupitia Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa na nyumba hapa kando ya bahari, ambayo Karen Blixen ameisimulia katika kitabu chake. Kitabu kile kilizaa filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, na muziki wake uliotungwa na John Barry ulipata Oscar vilevile. Mnakumbuka kile kisehemu cha ndege? Fidla nyingi zinapanda kwa pamoja, ndege ndogo inaelea, na chini kuna mbuga, mito na ndege wekundu ziwani. Ni muziki mtamu sana, siupingi. Lakini sikiliza umesimama wapi: umesimama kwenye kiti cha abiria. Muziki ule hauwezi kuteremka. Aliye chini, anayelima au kuvua, ni sehemu ya mandhari.

Takaungu yenyewe ilikuwa mji wa Wamazrui tangu waliponyang'anywa Mombasa na Sayyid Said mwaka 1837, karibu karne nzima kabla ya Finch Hatton kujenga. Ina misikiti yake, makaburi yake, na ngoma zake za Waswahili na Wagiriama. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo unachokisikia kutoka kwenye ndege ile.

Oppenheimer imefanya jambo lile lile, ila safari hii hatukupandishwa kwenye ndege. Tumeingizwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Kichwa hicho ni kikubwa na kinavutia, na muziki unatufungia humo saa tatu. Ndiyo maana hatusikii kilichokuwa nje.

Vitegemezi visivyoandikwa

Kwa wasioandika programu, niwaeleze kidogo. Hakuna anayeandika programu yote peke yake. Ukiandika mistari mia tano yako, chini yake kuna mistari elfu nyingi za maktaba zilizoandikwa na wengine: ya kusoma picha, ya kuhesabu tarehe, ya kufunga siri. Tunaziita vitegemezi. Katika programu huria ni adabu, na mara nyingi ni sharti la leseni, kuandika majina ya wenyewe. Fungua ukurasa wa "kuhusu" katika simu yako, utakuta orodha ndefu ambayo hakuna anayeisoma. Lakini ipo, na kuwepo kwake ni heshima.

Bomu la atomu lilikuwa na kitegemezi kikubwa kuliko vyote: mawe ya Shinkolobwe.

Shinkolobwe ni mgodi ulio Katanga, kusini mwa Kongo, yapata kilomita 20 kutoka mji wa Likasi, ambao enzi za Wabelgiji uliitwa Jadotville. Ulikuwa mali ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mawe yake yalikuwa ya ajabu. Mengine yalifikia asilimia 65 ya oksidi ya urani, ilhali baada ya vita Wamarekani waliona mawe yenye asilimia 0.3 kuwa ni bahati njema. Barua maarufu ya tarehe 2 Agosti 1939 ambayo Albert Einstein alimpelekea Rais Roosevelt inaitaja Kongo ya Wabelgiji kuwa chanzo muhimu zaidi cha urani. Tena si maneno yaliyofichwa pembeni; yamo ndani ya barua yenyewe.

Mwaka 1940 mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,200 za mawe hadi New York. Yakakaa kwenye mapipa, Staten Island, karibu miaka miwili. Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua, na mgodi uliokuwa umefungwa ukafunguliwa upya ili yaje mengine. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka hapo. Bomu la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa la urani. Lile la Trinity na la Nagasaki yalikuwa ya plutoni, lakini plutoni nayo hutengenezwa kwa kuichoma urani ndani ya kinu. Ukilivuta shina, unarudi kwenye ardhi.

Waliochimba walikuwa Wakongo. Walipokuwa kazini, lugha iliyowaunganisha watu wa makabila mbalimbali katika miji ya migodi ilikuwa Kiswahili. Kina lafudhi yake na maneno yake ya Kifaransa, lakini mtu wa Takaungu akikaa na mtu wa Likasi wataelewana kabla chai haijapoa.

Katika filamu, urani inaonyeshwa kwa gololi. Oppenheimer anatia gololi za kioo kwenye bakuli, moja moja, na kadiri bakuli linavyojaa ndivyo bomu linavyokaribia. Ni wazo zuri la picha. Wanaotengeneza programu wangeiita baa ya maendeleo, ile inayosogea kutoka sifuri hadi mia. Lakini gololi zinatoka wapi? Zinatoka mfukoni. Jina la Shinkolobwe halitajwi.

Gitaa la Jadotville

Hapa ndipo linaponiuma hasa. Huyu Göransson ndiye aliyetunga muziki wa Black Panther, filamu ya 2018 iliyompatia Oscar yake ya kwanza mwaka 2019. Kwa kazi ile hakukaa studio Marekani akabahatisha. Alikwenda Senegal akafuatana na Baaba Maal, akarekodi ngoma ya tama, ile inayobanwa kwapani hadi ikazungumza kama mtu. Kisha akaenda Afrika Kusini kwenye Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, ILAM, kusikiliza kanda na vyombo vya zamani. Nampa heko. Watunzi wengi hawajisumbui hivyo.

Sasa unganisheni nukta, wadau. ILAM ilianzishwa mwaka 1954 na Hugh Tracey, aliyezunguka nusu ya Afrika na mashine za kurekodia. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1952, Tracey alikuwa Jadotville. Huko alimrekodi kijana wa miaka 22 hivi aitwaye Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa aliyetumia kidole gumba na cha shahada tu: gumba linatembea chini kama mtu wa makamo, cha shahada kinacheza juu kama mtoto. Wimbo wake wa "Masanga" wa kipindi hicho unafundishwa mpaka leo na walimu wa gitaa duniani. Nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili cha Katanga. Baadaye alifika hadi Nairobi, na wapiga gitaa wa Kenya wakamsikiliza na kujifunza kwake. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Kwa hiyo muziki wa mji ulio kilomita 20 kutoka mgodini, katika lugha yetu, uliorekodiwa miaka saba tu baada ya Hiroshima, umo kwenye urithi wa maktaba ile ile ambayo mtunzi huyu aliwahi kuitembelea kwa miguu yake. Aliingia humo kutafuta sauti ya Wakanda, nchi ya kubuni yenye utajiri wa madini ya kubuni ambayo dunia nzima inayamezea mate. Nchi ya kweli yenye madini ya kweli haikupata hata sekunde moja.

Simlaumu Göransson kama mtu. Mtunzi hupewa filamu iliyokwisha kuamua inamhusu nani. Lakini tofauti ile inasema kitu: Afrika ya hadithi ina muziki, Afrika ya historia imenyamazishwa.

Najua mtakachosema

Kwanza mtasema: filamu inamhusu Oppenheimer, si Kongo. Kweli. Hata watu wa Hiroshima hawaonyeshwi, kwa sababu Nolan alichagua kubaki na anachokiona Oppenheimer. Huo ni uamuzi wa kisanii na una nguvu zake. Lakini muziki hauna macho. Vile vishindo vya miguu vinasikika mapema kabla Oppenheimer hajavijua. Kama sauti inaweza kuruka wakati kwa ajili ya dhamira yake, ingeweza kuruka bahari kwa ajili ya chanzo cha gololi.

Pili mtasema: gitaa la 1952 kwenye filamu ya 1943 ni kosa la kihistoria. Hapo nacheka. Muziki wa Oppenheimer umejaa sinthesaiza, vyombo ambavyo Los Alamos ya 1943 haikuwa navyo! Hakuna aliyelalamika, wala mimi silalamiki. Muziki wa filamu haujawahi kufungwa na kalenda.

Tatu mtasema: ungeiweka wapi? Mimi si mtunzi, lakini ningeiweka kwenye bakuli. Gololi ya kwanza inapodondoka, nyuzi mbili za gitaa kwa mbali, kwa sekunde tatu, halafu fidla ziendelee. Asiyejua asingegundua chochote. Anayejua angeinuka kwenye kiti.

Kwamba inawezekana, tumeshaona. Mwaka 2024 Mbelgiji Johan Grimonprez alitoa filamu ya kumbukumbu iitwayo Soundtrack to a Coup d'Etat, inayohusu kuuawa kwa Patrice Lumumba, Januari 1961, huko huko Katanga. Filamu nzima inaendeshwa na muziki: jazi ya Wamarekani weusi na rumba ya Wakongo. Louis Armstrong anapelekwa Kongo mwaka 1960 kupiga tarumbeta huku wakubwa wakipanga yao nyuma ya pazia. Na urani ya Shinkolobwe inatajwa waziwazi. Filamu hiyo ilifika hadi orodha ya mwisho ya Oscar za 2025 upande wa filamu za kumbukumbu. Haikupata fedha wala watazamaji kama wa Nolan, lakini kipaza sauti kiliwekwa chini, penye watu.

Kwa nini yatuhusu sisi wa Kilifi

Mtu anaweza kuniuliza: wewe mtunga programu wa Takaungu, haya ya nyuklia yanakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu nyuklia imeshabisha hodi kaunti hii.

Serikali ya Kenya ilipendekeza kujenga kinu cha umeme wa nyuklia cha megawati 1,000 Uyombo, kaskazini ya mji wa Kilifi kabla hujafika Watamu. Wakazi wakapinga, wakaandamana, na mwaka 2024 kukawa na purukushani na polisi. Mwaka 2025 macho ya serikali yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria.

Kinu si bomu, na ni muhimu kusema hivyo. Kinu cha kawaida hutumia urani iliyorutubishwa asilimia 3 hadi 5. Bomu la Hiroshima lilikuwa karibu asilimia 80. Anayekwambia kinu kitalipuka kama Hiroshima hajui anachosema, au anajua na anakutisha.

Lakini sikilizeni mjadala ulivyokwenda. Upande mmoja kulikuwa na lugha ya wataalamu: megawati, maendeleo, ratiba. Upande wa pili wavuvi na wakulima wakauliza habari za bahari ya Watamu, mikoko ya Mida, msitu wa Arabuko-Sokoke, ardhi yao, na taka zitawekwa wapi. Maswali haya ni ya watu wa Shinkolobwe zaidi kuliko ya Los Alamos. Hayahusu kama mwanasayansi analala usingizi. Yanahusu maji, udongo na mikono ya watu.

Hapo ndipo muziki unapokuwa na uzito. Filamu kama Oppenheimer ndiyo inayowafundisha vijana wengi nyuklia ni nini. Na inawafundisha, kwa fidla tamu mno, kwamba nyuklia ni tamthilia ya akili kubwa na majuto makubwa. Kijana akitoka hapo akamsikia mama wa Uyombo anauliza habari za samaki, atamwona ni mtu mdogo mwenye swali dogo. Hana muziki nyuma yake, ndiyo maana. Lau angewahi kusikia historia ya bomu ikianzia mgodini, angemsikia kama mtu anayeuliza swali lililocheleweshwa miaka themanini.

Shinkolobwe yenyewe ilifungwa rasmi mwaka 2004, baada ya miaka ya watu kuingia kuchimba kwa mikono. Hakuna fidla iliyopigwa.

Basi tufanye nini?

Sipendi makala zinazolalamika tu. Haya ni mambo ambayo mtu mwenye simu au kompyuta anaweza kuyafanya wiki hii:

1. Sikiliza Oppenheimer tena, kwa hedifoni. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa besi, na vile vishindo vya miguu vinapotea kabisa. Ukiisikiliza kwa spika ya simu hujaisikia.

2. Mara ukimaliza, msikilize Mwenda Jean Bosco. Usipumzike katikati. Utaona jinsi masikio yanavyohama kutoka kichwani hadi barabarani.

3. Ukikuta wimbo wa zamani wa Kiswahili mtandaoni hauna jina la mwimbaji, mji wala mwaka, na wewe unavijua kwa hakika, andika. Faili isiyo na maelezo ni kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa: yupo, lakini hakuna anayeweza kumtafuta. Mtunzi wa filamu ijayo atatafuta kwa maneno, na akikosa maneno hatapata wimbo.

4. Makala za Kiswahili kuhusu Shinkolobwe, Likasi na Bosco katika Wikipedia tuzifungue, tuzisome, tuziongeze. Tukimwachia Kiingereza kila kitu tusishangae tukisimuliwa habari zetu na wageni.

5. Una mzee anayeimba? Mrekodi, kwa idhini yake. Tumia WAV, angalau 44.1 kHz, weka simu mbali na feni, na useme mwanzoni mwa rekodi jina la wimbo, mahali na tarehe. MP3 utaitengeneza baadaye ya kutumiana. Ukishatupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, hairudi tena.

Hili la mwisho nalisisitiza. Tracey alibeba mashine nzito kwenye gari kubwa hadi Jadotville ili tuwe na dakika chache za Bosco. Sisi tunatembea na studio mfukoni na tunaitumia kurekodi wenyewe kwa wenyewe tukila mahamri. Si vibaya! Lakini gigabaiti moja tu ya nafasi, katika zile 64 au 128, ingetosha kuhifadhi sauti ya zaidi ya saa moja na nusu ya bibi yako kwa ubora wa CD.

Siku moja mtu atatunga muziki wa filamu kuhusu Kongo ya miaka ile, au kuhusu kinu cha nyuklia Afrika Mashariki, au kuhusu jambo ambalo bado halijatokea. Atakaa mbele ya kompyuta yake na kutafuta sauti. Atakachokipata ni kile tu ambacho mtu alijali kukirekodi, akakipa jina na akakiweka mahali panapofikika.

Kwa leo naishia hapa. Wikendi njema, na msisahau hedifoni.